Siku ya Vitambaa Vyekundu

Asubuhi ile ya Desemba kijiji kilinyamaza kama Jumapili wakati wa sala, na wala haikuwa Jumapili. Redio ilikuwa imetangaza: siku mbili kazi zote zinasimama, barabarani hakuna gari ila la chanjo, na nyumba yoyote yenye mtu ambaye hajachanjwa surua itundike kitambaa chekundu mbele ili gari lisimame.

Tavita alifunga lavalava yake nyekundu, shuka yake ya kiunoni, kwenye nguzo. Mkewe, Peleiupu, akaitungua. Tavita akaifunga tena, naye akaitungua tena.

"Mwanamke, unataka nini wewe?"

"Nawataka wanangu."

"Na mimi nataka magimbi tu, siyo?"

Peleiupu hakucheka. Mwaka uliotangulia, watoto wachanga wawili walikufa dakika chache tu baada ya kudungwa. Unga wa chanjo ulichanganywa na dawa nyingine badala ya maji yake. Ilikuwa juma lilelile ambalo Lupe, binti yake mkubwa, alikuwa na zamu yake. Serikali ikasimamisha chanjo nchi nzima kwa miezi, na iliporudishwa, Peleiupu hakurudi. Basi Lupe alikuwa na miaka miwili na nusu hajachanjwa, na mdogo wake, Ana, miezi kumi na moja, naye vilevile.

Kisha surua ikaingia nchini. Jirani alikuwa amezika watoto wawili ndani ya siku tisa. Watoto walikwenda hospitali mikononi mwa mama zao, wakarudishwa wamefungwa mikeka ya maziko. Peleiupu aliogopa ugonjwa, aliogopa sindano, aliogopa hospitali, asijue lipi alikimbie na akimbilie wapi.

Tena kulikuwa na jambo ambalo Tavita hakulijua. Tangu alfajiri Lupe alikuwa akiwaka moto, macho mekundu. Mama yake alimkanda kwa mafuta ya nazi, akamlaza nyuma, akateremsha mapazia ya makuti upande ule, maana nyumba zao hazina kuta.

"Kalala tu," alimwambia mumewe. "Jana alicheza sana."

Gari la chanjo likapita polepole, likasimama. Alishuka nesi mmoja, Fuatino, mtu wa kijiji cha pili, sauti imemkauka kwa siku nyingi za kuita watu.

"Kitambaa hakipo," alisema, "lakini nyumba zote mapazia yako juu, yenu tu ndiyo yako chini. Kuna nini?"

"Jua," alisema Peleiupu, amempakata Ana.

"Jua? Na mawingu yote haya, dada yangu?"

Hapo Lupe akakohoa, kikohozi kikavu cha kukwaruza, kimoja baada ya kingine bila kupumzika. Tavita akamgeukia mkewe. Peleiupu akakaa palepale alipokuwa.

Fuatino alimfunua mtoto kinywa, akamulika kwa tochi. Ndani ya shavu mlikuwa na vidoa vyeupe, kama chembe za chumvi.

"Ni surua. Huyu chanjo imechelewa. Huyu ni wa hospitali, sasa hivi. Mdogo ndiye tunaweza kumwahi bado."

"Mtaniulia wote wawili siku moja!"

Tavita alifungua kinywa kumkemea, nesi akamzuia kwa mkono. Alikaa mkekani, akakunja miguu kama mgeni aliyekuja kwa heshima, akaweka mbele ya Peleiupu vichupa viwili.

"Mama, tangu wale watoto wafe, kila nikichanganya dawa naogopa, nasoma kichupa mara mbili. Sikuambii usiogope. Soma. Kwa sauti, nami nisikie."

Peleiupu alisoma cha kwanza: chanjo ya surua, na tarehe yake. Akasoma cha pili: maji. Akarudia. Mara ya tatu herufi zilimcheza machoni, Tavita akamsomea akichungulia begani kwake. Nesi akachanganya mbele yao, akamdunga mdogo. Ana akalia kwa nguvu, kisha akatafuta titi.

Peleiupu alimkazia macho mtoto, akihesabu pumzi zake. Dereva alitaka kuondoka na Lupe. Fuatino akamwambia asubiri. Kila Ana alipofumba macho, mama alimtikisa. Robo saa ikapita, mtoto ananyonya, amekunja uso kwa hasira ya kutikiswatikiswa.

Ndipo Peleiupu akamkabidhi Ana kwa baba yake, akambeba Lupe, akapanda garini.

Wodi ilikuwa imejaa, hata uani walisimamisha mahema, wakifanya kazi humo madaktari kutoka ng'ambo. Surua ilikuwa imeshuka kwenye mapafu ya Lupe. Walimwekea oksijeni, na kifua chake kidogo kikawa kinazama chini ya mbavu kila alipovuta pumzi. Siku ya tatu mtoto wa kitanda cha pili akafa. Mama yake aliimba wimbo wa kanisani mpaka walipomfunika, na Peleiupu alimsikiliza huku ameng'ang'ania mguu wa Lupe, akijionea aibu kwa kushukuru kwamba si wake.

Tavita alipiga simu kila jioni. Siku ya nane alisema Ana amepata homa na vipele. Peleiupu aliangusha simu. Nesi wa zamu akaiokota, akamuuliza Tavita maswali, kisha akasema, "Ni chanjo inafanya kazi. Ananyonya maziwa ya chupa? Anacheza? Basi."

Peleiupu hakuamini mpaka kesho yake alipomsikia Ana akicheka kwenye simu.

Lupe alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, amekonda, shingo kama ya kifaranga. Baba yake alimpikia magimbi kwa tui, akamwita aje kula. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Peleiupu alikwenda upande wa pili, akamwita polepole, Lupe akageuka akitabasamu.

"Sikio la kushoto halisikii," alisema Peleiupu.

Tavita alisimama na sahani mkononi. Kisha akauzunguka mkeka, akaketi upande wa kulia wa bintiye, akaanza kumlisha.