Kimya Mpaka Konani

Kwa miaka kumi na mmoja ukuta wa kinyozi ulikuwa na ubao mweusi, na ubao ulikuwa na mwenyewe: Mzee Kamusi, mpanga herufi mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Shuleni hakukaa sana, lakini vitabu alivila kama mchwa. Kila asubuhi aliandika "Je, wajua?" na chini yake jambo moja. Kwamba neno meza tulilipata kwa Wareno. Kwamba neno shule tuliachiwa na Wajerumani. Watu walisoma wakisubiri kunyolewa, kisha wakaenda kubishana nalo kazini.

Sasa siku moja, mvua inamwagika, kichwa kikawa kitupu kama debe. Na ubao haukuzoea kushinda mtupu. Mzee akatunga: "Zamani, mzazi aliyemuaga mtoto anayekwenda mbali hakutoa neno tangu kukicha mpaka mtoto apite kona ya kwanza. Neno moja tu, safari ikaharibika." Akajikung'uta chaki, akaenda kunywa chai bila hata kope kumcheza.

Balaa ni kwamba mtaa uliipenda. Fundi cherehani, mama wa nyumba ya pili, akamsindikiza mwanawe kwa kimya, na mwana akafika salama. Basi ikawa ndiyo desturi. Mwaka uliofuata fundi alikuwa akiapa kwamba hata bibi yake alifanya hivyo. Mzee alisikia, akakohoa, akanyamaza. Tusifiche, aliona raha kidogo.

Leo ilikuwa zamu yake. Kitinda mimba wake, muuguzi, alikuwa amepata kazi nchi ya mbali, na teksi ingefika saa mbili asubuhi. Na Mzee alikuwa na neno lililomkwama kooni kama mfupa. Miezi sita nyuma, siku ile barua ya kazi ilipofika, hasira zilimpanda akamwambia binti yake, "Ukivuka mlango huo, usirudi." Tangu hapo wamekula pamoja, wamecheka hata, lakini neno lile hakulifuta. Atalifuta kesho. Kesho, kesho, mpaka kesho zikamwishia.

Kulipokucha akagonga mlango wa chumba cha binti. "Mwanangu, ile siku..."

Kiganja kikamziba mdomo. "Baba! Kumeshakucha. Usiniharibie safari, nakuomba."

"Lakini ile..."

"Si umeiandika wewe mwenyewe?"

Saa moja na nusu sebule ilikuwa imejaa. Nani akose kumwona Mzee Kamusi akinyamaza? Wakamkalisha katikati, sanduku la binti miguuni pake, kama mshtakiwa na kidhibiti chake. Mezani, kando ya kikombe cha sukari, aliuona ufunguo wa nyumba wa binti yake. Ameuacha. Mtu anayetarajia kurudi haachi ufunguo.

Mzee akasimama. "Jamani, nisikilizeni. Ile desturi niliitunga mimi! Mvua ilikuwa inanyesha, sina la kuandika..."

"Shhh!" sebule nzima.

"Mnaona mapenzi yanavyomtesa?" fundi akasema, machozi yanamlenga. "Yuko radhi kujiita mwongo ili amsemeshe mwanawe. Vumilia, kaka yangu, kona si mbali."

"Mpeni chai ya moto," kinyozi akadakia. "Itamshikisha adabu."

Honi ikalia. Binti akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili, akamtazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazamwa mtu wa kuonana naye tena. Kisha sanduku likatoka, na mlango ukajaa migongo ya watu.

Mpaka kona ya kwanza. Si ndivyo alivyoandika, kwa chaki yake mwenyewe?

Mzee akanyakua ufunguo, akatokea mlango wa jikoni.

"Mwacheni," alimsikia fundi nyuma yake, "anakwenda kulia."

Hakulia, alikimbia. Uchochoroni shuka mbichi ikamzaba kofi la uso, ndala moja ikabaki kwenye tope, magoti yakamtukana matusi yote ambayo magoti huyajua. Akatokea upande wa pili wa kona, akasimama katikati ya barabara na mikono juu. Teksi ikafunga breki.

"Mzee, umechoka kuishi?" dereva akafoka.

Binti akashuka mbio. "Baba! Kona tumeipita?"

"Mmeipita," dereva akajibu, asijue anaulizwa nini.

Hapo Mzee akafungua kinywa, na pumzi hakuna. Alihema kama mvukuto huku binti akimngoja. Mwisho akamtia ufunguo kiganjani, akavifumba vidole vya binti juu yake.

"Urudi," akasema. "Ukichoka, urudi. Usipochoka, urudi vilevile. Neno lile halikuwa na akili."

Binti aliutia ufunguo kwenye pochi ya pasipoti, akaifunga zipu, akamkumbatia babake mpaka dereva akapiga honi.

Kesho yake mapema Mzee akaandika: "Je, wajua? Ile ya mzazi kunyamaza ni uongo wangu."

Kinyozi akaisoma, taulo begani. Akaisoma tena. Kisha akaifuta kwa taulo hilohilo.

"Mwanangu anasafiri mwezi ujao, Mzee. Usituharibie," akasema, akimrudishia chaki. "Andika ile sehemu uliyotuficha. Kwamba mzazi hupita uchochoroni."