Nilivyoigawa Nchi ya Dada

Dada yangu mkubwa ana ubishi wa kuzaliwa nao. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alipotoka tumboni hakulia, aliuliza nani kamtoa. Sasa mtu wa namna hiyo akinyamaza, ujue mambo yameharibika.

Na alinyamaza kweli. Shemeji alipofariki, binti yao alimchukua dada akakae naye ng'ambo, kwenye nchi ya baridi ambako majirani hujuana kwa mlio wa funguo. Mchana kutwa yuko peke yake. Binti yuko kazini, wajukuu wako shuleni, na wakirudi wanasemezana lugha ya huko. Mwanzoni alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana". Baadaye hata hizo akazibania. Simu haikusaidia kitu. Akisikia sauti yangu analia, nami nikimsikia nalia, basi tunaliliana mpaka mtu atunyang'anye simu.

Kilichomfungua mdomo ni vitendawili.

Mjukuu wangu wa kike, huyu ninayekaa naye, ana kazi iliyonichukua muda kuielewa. Ameajiriwa na kampuni inayoonyesha video mtandaoni. Wenye filamu wakizileta husema hii ionekane nchi fulani, kule isionekane, maana kule tumeshamuuzia mwingine. Yeye huketi mbele ya kompyuta, nchi zote za dunia zimepangwa kwenye kioo, anafungua hii, anafunga ile. Nikamwambia, "Kumbe wewe ni bawabu wa dunia!"

"Bibi," akasema, "bawabu ana kiti kizuri kuliko changu."

Siku moja alinirekodi jikoni nikimenya vitunguu huku nikitega vitendawili, akavitia huko mtandaoni. Watoto wakavipenda, akanirekodi tena na tena. Lakini aliyevipenda kuliko wote ni dada. Binti yake alinipigia, furaha imemjaa mpaka anameza maneno.

"Mama mdogo, leo mama kazungumza! Kaigombeza runinga!"

"Kaigombeza kwa lipi?"

"Wewe ulipotega ukanyamaza kidogo, kakujibu kwa sauti. Halafu kakusuta: 'Hicho nacho kitendawili? Hata kuku anakijua!'"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Tangu siku ile, kila nilipotokea kwenye runinga, dada alijifunga kilemba chake kama anakwenda kwa wakwe, akaketi, tukabishana. Na akishanisuta, ulimi unabaki umelainika. Anaomba chai. Anauliza wajukuu wamekula nini shuleni.

Halafu nikaja kuharibu, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu.

Kituo kimoja cha runinga kilitaka vitendawili vyangu kwa ajili ya kipindi cha watoto. Akaja mtu wao, kavaa tai ndefu inayofika kwenye mkanda, nami moyoni nikambatiza Bwana Tai. Tulikaa ofisini kwa mjukuu wangu, chumba chenye kiyoyozi kinachokoroma kama babu aliyeshiba. Tulikuwa tumekaribia kumaliza, mjukuu akaitwa na bosi wake chumba cha pili.

"Bibi, limebaki moja tu," akasema Bwana Tai. "Utupe nchi moja, iwe yetu peke yetu kwa kuanzia."

Jamani, mtu aliyelelewa na vitendawili ukimwambia akupe nchi, ulimi hausubiri akili. Kwetu ukishindwa kujibu unaambiwa "Nipe mji". Unautoa, mtegaji anakwenda kwenye mji wako, anakula, anajisifu, ndipo akwambie jibu. Mimi na dada tulikuwa na sheria yetu: hakuna kutoa mji mbovu. Atakayetoa mji wa vumbi ataitwa bahili mpaka aote mvi. Unatoa ule unaoupenda kuliko yote.

Basi nikampa nchi aliko dada. Tena kwa mbwembwe! Nilidhani wakishakuwa nayo watavionyesha huko asubuhi na jioni, dada afaidi. Bwana Tai akaandika, nikatia sahihi, tukapeana mikono. Mjukuu wangu alipoona mkataba una sahihi yangu, akajua nimeshaelezwa nikaelewa. Akaketi kwenye kiti chake kibovu akaifunga nchi ile.

Binti wa dada akapiga simu. Safari hii hakuwa akimeza maneno.

"Mama mdogo, umefanya nini? Runinga ina weusi mtupu. Imeandika, 'Video hii haipatikani katika nchi yako.'"

"Na mama yako?"

"Kautazama ule weusi, kisha kavua kilemba. Kanipa mgongo. Tangu jana hajasema hata neno moja."

Nikamgeukia mjukuu wangu. Alipojua kwa nini niliitoa nchi ile, alijishika kichwa.

"Bibi! Kumpa nchi maana yake ni yeye peke yake atakayeonyesha huko. Sisi tunafunga. Na kipindi chao hakianzi mpaka mwakani."

"Mwaka mzima dada akae na ukuta?"

Macho yalikuwa yamemlowa, maana mkono uliofunga ni wake.

Binti wa dada akaleta ujanja. Alisikia kuna namna ya kuudanganya mtandao uone kama uko nchi nyingine. Mjukuu akatikisa kichwa. "Shangazi, kuwasaka wanaofanya hivyo ndiyo kazi yangu. Nikikufundisha wewe, kesho nitamfungia nani?" Nikaona ana haki. Sikutaka dada apate ulimi, mjukuu akose kazi.

Tulimwendea Bwana Tai. Alitupokea vizuri, akatupa maji baridi, akakataa. Mkataba ni mkataba. Njia nzima nilitembea kimya, nikawaza, sasa nami nimeambukizwa.

Asubuhi iliyofuata mjukuu alikwenda na mkataba kwa bosi wake, mama mmoja mcheshi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Wakausoma pamoja mstari kwa mstari. Akanipigia kutoka huko huko.

"Bibi, ulichouza ni vitendawili tulivyokwisha kurekodi. Vipya ni vyako. Bosi anasema ukitega vingine, tunaviweka popote utakapo. Unavyo?"

"Ninavyo?" nikafoka. "Unaiuliza bahari kama ina maji?"

Jioni akapanga taa jikoni, nikavaa gauni langu la kijani. Nikatega vya kuwachekesha watoto, kisha nikatega kimoja alichotufundisha mama: *Sisi ni ndugu wawili, twakaa ukuta mmoja, twatazama pamoja, tangu tuzaliwe hatujaonana.* Nikanyamaza kidogo. Halafu nikasema, bila kupepesa, "Jibu lake ni madirisha."

Mjukuu akazima kamera. "Bibi, umekosea. Ni macho. Turudie."

"Usiguse. Liache hivyo hivyo."

Kesho yake, kabla hajaitoa video hiyo, alinivutia kiti ofisini nione kwa macho yangu. Akaniuliza taratibu kama unavyomuuliza mtoto, "Bibi, nchi zipi tufunge?"

"Hata moja. Na mtu yeyote akiniomba nchi tena, mpe soda umwambie nimelala."

Bosi akacheka kule nyuma. Mjukuu akabonyeza.

Tukampigia binti wa dada. Alikuwa nyumbani siku ile. Nikamwomba aiweke simu karibu na runinga na asiseme kitu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitokea ng'ambo, nyembamba kama ya jogoo mgonjwa. Imefunguka! Mjukuu akanibana mkono. Kikapita kitendawili cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kiti kikalia, labda anainuka kuondoka. Nikajisikia ninatega kile cha ndugu wawili. Nikajisikia nasema madirisha.

Kikohozi. Kisha sauti iliyokauka kama mlango uliosahauliwa:

"Madirisha ya nani?"

Mjukuu akaongeza sauti ya simu.

"Madirisha ya nani, wewe? Ni macho! Macho! Mama alitufundisha mimi na wewe, tena wewe ulikuwa unasinzia! Watoto wa watu wanakusikiliza, unawalisha makapi!"

"Mama," binti akasema, analia na kucheka, "yupo kwenye simu. Anakusikia."

"Yupo wapi? Lete hapa."

Simu ikagongagonga, ikashikwa. Nikasikia pumzi zake. Niliogopa tutaanza kuliliana kama zamani, nikamwahi.

"Dada, mimi nasema ni madirisha."

"Mjinga wee! Madirisha yana pua katikati?"

Akaendelea. Alinisuta kwa madirisha, akanisuta kwa gauni, akahamia kwenye baridi ya huko, kwenye mkate wao usio na ladha, kwa jirani asiyejua salamu, kwa shemeji, Mungu amrehemu, alivyokuwa akikoroma na sasa usiku hauna sauti. Hapo nikampa pole. Kazi za ofisini zilikuwa zinamsubiri mjukuu, akanigusa bega, nikaanza kuaga.

"Unakwenda wapi?" dada akasema. "Kaa hapo. Sijamaliza."