Siku Tuliyomnyamazia Mkwe

Jumamosi, tarehe 12 Julai 1997. Asubuhi ilikuwa na baridi na manyunyu, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya mtaa wetu wa Mowlem, Nairobi, kama blanketi lisilokauka. Nilimwomba Mungu mambo mawili: nguo zangu zikauke, na shemeji yangu Andati asikasirike.

La pili ndilo lililonilemea. Binti yangu Nafula alikuwa anataka kuolewa na Tauno, fundi wa visima kutoka Ufini, na siku hiyo Tauno angekuja kujitambulisha. Mume wangu alishalala katika Bwana, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la Andati, mdogo wake. Akikataa, hakuna harusi.

Tulimwambia mgeni aje saa nane. Sisi tukisema saa nane, mtu aliyelelewa vizuri huja saa kumi. Tauno alibisha hodi saa nane kamili. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga, naye Andati alikuwa bafuni akiimba pambio.

Mgeni alivua viatu mlangoni, akakaa mwisho kabisa wa kochi, akanyamaza. Alikuwa peke yake. Msemaji wake, Muriuki, muuza nyama wa soko la Burma, alikuwa bado njiani.

Andati alitokea na koti lake la kanisani. "Karibu sana, kijana! Habari za kazi? Wazazi hawajambo? Baridi yetu unaionaje?"

Tauno alifikiri. Alifikiri mpaka chai ikashika utando.

"Nzuri," akasema.

"Na msichana wetu unampenda?"

Tauno akavuta pumzi kwa ghafla, akasema "ndio" huku akiivuta, neno likaingia ndani badala ya kutoka.

"Ana pumu?" Andati akaninong'oneza.

"Baba mdogo, ndivyo wanavyokubali kwao," Nafula akasema.

Andati akaniita jikoni. "Shemeji, huyu anatudharau. Na hata kama si dharau, mtu asiyesema akimkosea mtoto wetu, tutajuaje? Atamtesa kimya kimya huko kwenye barafu."

"Tumwombee."

"Omba wewe. Mimi namnyamazia. Tuone nani atachoka kwanza."

Nyumba yetu haijawahi kunyamaza. Hata usingizini, Andati hutoa ushuhuda. Sasa tukakaa. Nilisikia saa ya ukutani, kumbe ina sauti. Andati alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Jasho likamtoka na baridi yote ile. Mimi nilimaliza kuiombea familia, nikaiombea serikali, nikaingia mataifa jirani. Tauno alikunywa chai yake, akatazama manyunyu dirishani, na uso wake ukazidi kulainika.

Mlango ukafunguliwa. Muriuki aliingia akihema, akatuona tulivyokaa, akavua kofia upesi.

"Jamani, poleni sana," akasema kwa sauti ya chini. "Ni nani ametuacha?"

Hakuna aliyemjibu. Akainamisha kichwa. "Ee Bwana, mpokee mtumishi wako..."

Nafula ndiye aliyecheka kwanza. Andati akafuata, akapiga mapaja, na maneno yote aliyoyazuia yakamtoka kwa pamoja bila mpangilio. Muriuki alibaki na kofia kifuani, hajui amalize sala au aketi.

Tauno aliweka kikombe chini, akasimama na soksi zake.

"Kwetu," akasema polepole, "mgeni huongeleshwa. Jamaa ndio mtu hukaa nao kimya. Niliogopa sana kuja hapa. Lakini mmenyamaza nami muda mrefu. Asanteni kwa kunipokea."

Andati alinitazama. Nikatazama unga uliokaukia kwenye vidole vyangu. Nani angemwambia kwamba tulikuwa tumemgomea?

"Mkwe wangu," Andati akasema, na Nafula akanibana mkono aliposikia neno hilo, "tumekupokea. Lakini kimya chako kinanitisha. Sisi tukikosewa, husikika mpaka mtaa wa Umoja. Wewe ukimkosea mtoto wetu, nani atatuambia?"

Tauno alifikiri. Safari hii tulimngoja, hata Andati.

"Mbele ya Mungu," akasema, "na mbele ya Mama, na Mzee Andati, na Muriuki: nikimkosea Nafula, nitakuja hapa mwenyewe, niwaambie kwa mdomo wangu kabla hamjauliza. Nitasema yote, hata ikichukua siku nzima."