Sauti ya Mama Aliyepotelewa

Chumba cha kurekodia hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilivikwa sponji nene iliyomeza kila mlio, hata mtu akikohoa alihisi kakohoa mwingine, mbali huko. Humo ndimo Kinanda alimopatia riziki yake. Jina hilo wenzake ndio waliombandika, kwa kuwa koo lake halikukosa sauti: ajuza, malkia, mlevi, wote walikuwamo. Kazi yake ilikuwa kuwatilia maneno ya Kiswahili watu wa filamu za kigeni.

Siku hiyo alipewa mama ambaye mwanawe alitoka kwenda kucheza na hakurudi. Kwenye skrini mama huyo alisimama barazani mbele ya polisi, akifumba na kufumbua mdomo bila sauti. Kinanda alikuwa na sentensi moja tu: "Nimeacha mlango wazi, akirudi asikose pa kuingia." Pembeni ya sentensi hiyo mwongozaji alikuwa ameandika neno la Kiingereza, distraught.

Kinanda hakulijua, na aliona haya kuuliza. Akakisia ni kulia. Akaangua kilio cha kutoka tumboni, mpaka fundi wa sauti akavua visikilizio.

"Umeniua masikio, dada."

"Huko ni kulia," alisema mwongozaji. "Sitaki kilio."

Akajaribu ukali.

"Sasa unamgombeza polisi. Kakukosea nini, maskini?"

"Basi niambie hilo neno lako maana yake nini, bosi. Mwenzio napapasa tu."

Mwongozaji alijikuna kidevu. "Ni mtu mwenye huzuni kubwa."

"Huzuni na hofu," fundi akadakia. "Kachanganyikiwa."

"Hata mimi nikikosa basi la asubuhi nachanganyikiwa," alisema Kinanda.

"Aliyekosa basi hawamwiti hivyo," alisema mwongozaji. "Hilo ni la msiba, la mtoto kupotea, la simu kutoka hospitali. Nilisoma kwamba asili yake ni kuvutwa huku na huku, kama nguo inayogombewa na watu wawili. Hebu tupumzike kwanza."

Kinanda alitoka akaketi kwenye korido. Mwanga wa mchana ulipita kwenye kioo cha mlango ukatetemeka sakafuni kama maji, na miguu ya wapita njia nje ikaelea juu yake. Akampigia mama yake.

"Mama, unakumbuka siku mdogo wangu alipopotea?"

"Kuna nini? Nani kapotea?"

"Hakuna, Mama, nauliza tu. Nakumbuka ulikuwa unapiga pasi."

"Napiga pasi na umeme umekatika!" Mama akacheka kidogo. "Suruali moja ya baba yako, tangu asubuhi. Majirani wanaingia, wanatoka, midomo inacheza, mimi sisikii. Mtu ananiuliza mtoto kavaa nini, namjibu karibu uketi."

"Hukulia?"

"Alie nani? Sikuwapo, mwanangu. Nililia alipopatikana kwa msaga nafaka, kalala nyuma ya magunia, ana unga mpaka kwenye kope. Hapo ndipo nilipozimia, wakanimwagia maji. Na baba yako aliivaa suruali yake na makunyanzi yake, wala hakuthubutu kuguna."

Simu ilikatika, Kinanda akabaki nayo sikioni. Alijiona tena mtoto, kajikunyata chini ya meza, juu yake pasi baridi ikienda na kurudi, ikienda na kurudi. Miaka yote hiyo aliamini, bila kumwambia mtu, kwamba siku ile mama yake hakujali.

Akarudi ndani. Mama wa kwenye skrini alipofumbua mdomo, Kinanda alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni lilipo duka: "Nimeacha mlango wazi. Akirudi, asikose pa kuingia."

Fundi alisahau kuzima mtambo. Mwongozaji alivuta kiti, akakaa.

"Kuna jirani hapo mbele kwenye filamu," alisema baadaye, "anamwambia polisi neno lile lile kuhusu huyu mama. Tuliandika 'amesikitika sana.'"

"Futa," alisema Kinanda. "Aseme, 'Mwache, hajijui hajitambui.'"

Fundi akatazama skrini. "Jirani anafumbua mdomo kidogo tu. Hayataenea."

"Basi aseme, 'Hayupo huyu.'"

"Watu si watadhani katoka?"

"Wanamwona kasimama pale, kaka."

Wakajaribu. Maneno yakakaa sawasawa mdomoni mwa jirani.

Alasiri ile Kinanda hakwenda kwake. Alikwenda kwa mama yake, akamkuta kwenye kochi anashona foronya. Hakumwambia alichokuwa akikiamini. Aliketi ubavuni pake, akamwegemea bega, akafumba macho akisikiliza uzi ukipita kwenye kitambaa.

"Umeishiwa?" mama aliuliza.

"Sijaishiwa."

"Sasa unataka nini wewe?"

"Sitaki kitu, Mama. Endelea tu kushona."