Lipiko Aliyeitwa Shahidi

Mwanamke wa Kimakonde hajui lipiko ni nini. Ndivyo tunavyosema huku Newala, na mimi ni mwanamke, kwa hiyo sijui. Ninachojua ni kile tunachofundwa unyagoni: vijana wakitoka jando, mfu mmoja hutoka kaburini kuja kucheza nao. Ana uso wa mti wenye nywele za watu, amefunikwa nguo mpaka vidole vya miguu, na njuga zinalia kiunoni. Ukimwona unaanguka, unafunika uso. Usimtaje kwa jina la mtu, hata kama mtu huyo umelala naye kitanda kimoja tangu ujana wako.

Haya yalitokea Chilangala enzi za Mjerumani, wakati ule wanawake wanashuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo mlima kichwani.

Sijaona alikuwa mwali, ametoka unyagoni majuzi tu. Alikuwa anapanda na mtungi wake aliposikia njuga. Mbele yake, njiani, lipiko alikuwa amemkalia mtu kifuani anampiga kwa jiwe. Mtu mwenyewe ni Haji wa Lukuledi, mnunuzi wa sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti. Sijaona akaanguka, akafunika uso, maji yote yakamwagika. Lipiko akanyanyuka, akampita karibu kabisa, akakohoa. Kikohozi kikavu, cha ugoro. Sijaona alikuwa anakisikia tangu ananyonya. Kilikuwa cha mjomba wake, Majaliwa.

Hakumgusa. Ya nini kumuua shahidi asiyeruhusiwa kusema?

Jioni ile maiti ikakutwa katika shamba la muhogo la Pili, mama yake Sijaona. Watu wakakumbuka kwamba Haji alishinda anauliza njia ya kwa Pili. Ana habari yake, lakini habari gani hakumwambia mtu. Majaliwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Akasimama akamtaja dada yake mwenyewe, tumbo moja, kuwa ni mchawi.

"Mwanawe wa kiume alichukuliwa na chui mwaka wa njaa," akasema. "Mnadhani chui yule alitumwa na nani?"

Ikaamuliwa Pili anywe mwavi. Hilo ni gome la sumu, linatwangwa na kukorogwa. Ukitapika, huna kosa. Ukifa, ulikuwa nalo. Lakini watu wote walijua kwamba mwavi hufuata mkono ulioukoroga, na mkorogaji alikuwa Majaliwa.

Sijaona akaenda kwa kungwi wake, Bi Shamila.

"Bibi, nilimwona aliyemuua Haji."

"Ulimwona nani?"

"Lipiko."

Bi Shamila akaacha kupepeta. "Nani tena?"

"Lipiko, Bibi."

"Basi simama hapo hapo. Ukivuka hapo utakunywa kikombe kimoja na mama yako."

Kulipokucha wanaume wote wakakaa uwanjani, wanawake upande wao. Pili alikalishwa kwenye mkeka wa katikati, kikombe mbele yake. Mkulungwa wa kijiji, Mzee Mahmudu, akauliza kama kuna mwenye neno. Sijaona akapiga magoti.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Sema, mwali."

"Haji hakuuawa na mama. Aliuawa na lipiko. Nilikuwa njiani, nikaanguka kama nilivyofundwa."

Majaliwa akacheka.

"Lipiko ni mfu, mtoto wewe. Mfu na mnunuzi wa sandarusi wanagombea nini? Au unataka kutuambia kwamba lipiko ni mtu? Sema basi, tukukorogee na chako."

"Mimi sijui lipiko ni nini, mjomba. Sisi wanawake hatujui. Ninyi ndio mnaomwita kutoka kaburini. Basi mwiteni, aulizwe."

Bi Shamila akadakia kutoka nyuma, "Mtoto kasema. Mwiteni! Au leo kaburi lina komeo?" Wanawake wakaguna, wengine wakacheka kwa pua.

Wanaume wakainamisha vichwa. Nani anyanyuke, na wake zao wanamtazama? Mara njuga zikalia porini.

Wakatazamana. Baba kwa mwana, jirani kwa jirani. Hakukosekana mtu uwanjani.

Lipiko akatokea kwenye kona ya njia. Hakucheza. Alitembea taratibu, na vumbi halikunyanyuka alipokanyaga. Wanawake tukaanguka, nasema tukaanguka, kwa sababu hata aliyenisimulia alikuwamo. Safari hii hakuna aliyejilazimisha. Akakipita kikombe, akaenda kusimama mbele ya Majaliwa, akanyoosha mkono.

Majaliwa akarudi nyuma kwa makalio. "Nani huyo?" akapiga kelele. "Nani amelivaa? Nimeuliza, nani amelivaa!"

Maneno yale hayakuwa yamewahi kutamkwa mbele ya wanawake.

"Majaliwa," Mzee Mahmudu akasema polepole, "nani kavaa nini?"

Hapo akajua amekwisha. Akaanza kulia kama mtoto. "Nilikuwa na njaa. Mtoto hakuliwa na chui. Nilimuuza kwa watu wa msafara. Haji alimwona huko pwani, yu hai, alikuja kumwambia dada. Nisameheni!"

Lipiko akamshika mkono, akamnyanyua, wakaanza kuondoka kuelekea bondeni. Majaliwa alikuwa anatembea mwenyewe, kama mtu anayeongozwa gizani.

Pili akaruka kutoka kwenye mkeka. "Msafara wa nani? Kaka! Pwani ipi? Nitajie jina la aliyemnunua!"

Hakugeuka. Pili akakimbia kuwafuata, na wanawake wakamrukia, wakamshika kiuno, wakamshika miguu, kwa kuwa mwanamke hamfuati lipiko. Na Sijaona alikuwa mmoja wao, amemkumbatia mama yake kwa nguvu zote. Pili akawang'ata. Akaita jina la mwanawe, akaita jina la kaka yake, mpaka njuga zikanyamaza kule chini.

Wakamwachia. Waliojua mtoto aliko walikuwa wawili: mmoja amezikwa, na mwingine hakuonekana tena, si hai wala maiti.

Pili akamtazama bintiye.

"Ungeniacha nimuulize kwanza," akasema, "halafu ninywe."