Kitenge Juu ya Kioo

Samaki asiyeliwa ni wa nini? Ndivyo nilivyokuwa nikimgombeza marehemu mume wangu, Wabwile, kila akiingia na ndoo ya maji ya mvua kujaza tangi lake la kioo sebuleni. Sasa ana miezi saba kaburini, na hapa mtaani Tuwan tumebaki mimi na samaki wake wawili, dume na jike, kila mmoja urefu wa kidole. Asubuhi nawasalimia. Ndiyo, nawasalimia! Kwani nimsalimie nani mwingine?

Jike alitaga mara mbili, ndani ya chungu kidogo nilichomwekea humo majini. Mara zote mbili akayala mayai yake, hakuacha hata moja. Nikaenda kwa Kipkosgei, anayeuza samaki wa mapambo mjini Kitale, nikamfokea kwamba alimuuzia mume wangu mchawi.

"Mama, kwani unawachungulia mara ngapi kwa siku?"

"Kila saa. Si ninawaangalia tu?"

Akacheka. "Basi ni wewe, bana. Akishtuliwa anadhani adui amefika, anakula mayai. Funika kioo, umwache."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, maana nilishawahi kuambiwa hivyo. Nasimiyu, binti yangu wa pekee, ameolewa Bungoma. Mimba zake mbili ziliharibika. Mimi nami kila jioni simu: umeshika mimba? Na mwezi huu je? Mwishowe akasema, "Mama, niache nipumue," akawa hashiki simu zangu. Nikamwita hana adabu.

Jike alipotaga tena, nikafunika kioo kwa kitenge. Siku nane, jamani! Chakula nilitia kwa juu huku uso nimeugeuzia ukutani, kama mtu aliyekutana na mkwewe njiani. Upweke ulinikaba nikalia peke yangu. Simu pia sikuigusa.

Siku ya tisa nikafunua. Watoto walikuwa wanamfuata mama yao, wadogo kama punje za wimbi, hawahesabiki.

"Wabwile, njoo uone," nikasema. Kisha nikakumbuka.

Jioni simu ikalia. Nasimiyu.

"Mama, mbona kimya? Unaumwa?"

"Mimi mzima. Samaki wa baba yako wamepata watoto."

"Na leo huniulizi?"

"Sikuulizi."

Nikamsikia akilia. Nikamsimulia jinsi watoto wa samaki wanavyomfuata mama yao. Hakukata simu mpaka kredo yake ikaisha.