Uso Alioutengeneza Gachau

Gachau wa Ngoingwa hakuwa daktari wala mfamasia, ingawa alivaa koti jeupe hata akienda dukani kununua maziwa. Alisomea kemia chuo kikuu, mwaka wa mwisho akagombana na walimu wake, ambao kwa maneno yake walikuwa watu wa akili ndogo, akarudi nyumbani na kufungua maabara katika chumba cha nyuma cha mama yake. Maabara yenyewe ilikuwa jiko la gesi, sufuria, mizani na kufuli kubwa mlangoni. Humo ndimo alimojifungia akitafuta krimu ya kufuta makovu yote duniani. Rafiki hakuwa naye. Mama yake, Wakonyo, alimwachia chakula mlangoni, naye alikichukua saa alizotaka na kulalamika kwamba kimepoa.

Mwelu aliyajua haya yote na bado akamwamini. Hilo ndilo lililomuudhi baadaye kuliko mengine yote.

Mwelu alikuwa msusi katika saluni moja mjini Thika. Akiwa mtoto mdogo alimwagikiwa na uji wa moto, ukamwachia kovu kwenye shavu la kushoto. Hakulilia kovu lile. Alikuwa amelizoea kama mtu anavyozoea jina lake. Kisha Gachau akaja saluni kuuza mafuta ya nywele, akamtazama kwa namna ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumtazama. Mwelu alidhani ni mapenzi. Kumbe mwenzake alikuwa akiangalia shavu.

"Niachie huo uso," Gachau alimwambia. "Nitakurudishia ukiwa mpya. Watu watatoka ng'ambo kuja kuuona."

Na krimu ilifanya kazi, kwa muda. Kovu lilififia, ngozi ikawa laini na nyeupe nyeupe, picha zikazunguka kwenye simu za watu hadi Juja. Gachau akawa akifika saluni mchana, mbele ya wateja, akimshika Mwelu kidevu na kumgeuza huku na huku kama mtu anayeuza mbuzi. "Hii ni kazi yangu," alisema. Hakusema hata siku moja kwamba huyu anaitwa Mwelu.

Kisha ngozi ikaanza kuwasha. Ikabambuka, ikaota mabaka ya rangi ya kijivu, ikawa nene kama ganda la parachichi, na jicho moja likavimba. Mwelu alifunga kitambaa usoni, akapanda boda boda hadi Ngoingwa, akagonga mlango wa maabara. Gachau alifungua. Mwelu alipoondoa kitambaa, fundi wa nyuso alirudi nyuma akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haiya," alisema, na akafunga mlango.

Ndiyo hayo tu aliyokuwa nayo ya kusema. Mwelu alirudi kesho yake akakuta chumba kimefagiliwa. Simu ya Gachau haikupatikana tena. Wakonyo, akitazama chini, alisema kijana amehamia Ruiru kwa mambo ya biashara.

Saluni ikamwambia Mwelu apumzike kidogo, na haikumwita tena. Akarudi kwa mama yake, Syombua, kwenye ploti yao kule Murera, akakaa ndani. Watoto wa jirani walikimbia wakimwona uani. Kanisani, aliokaa nao benchi moja walihamia mbele, ati ndipo wasikie mahubiri vizuri. Mwelu aliwadharau pia hao, lakini kidogo. Wao hawakuwa wamemtengeneza.

Daktari wa ngozi mjini Thika alimchunguza akatikisa kichwa. "Mimi nikikisia, naweza kukuharibu zaidi. Huyo aliyeipika aje aniambie alitia nini."

Syombua akaenda kwa Wakonyo, mama kwa mama, kupeleka ombi hilo. Jibu lilirudi kutoka Ruiru: fomula ni siri ya kazi.

"Siri!" Syombua alitema mate kando. "Mwana wa mtu anaoza uso, yeye ana siri."

Mwelu hakulia. Alikuwa amelia hadi yakaisha, na mahali pa machozi kulikuwa na kitu kingine, kikavu na tulivu, ambacho alikuja kukitambua kuwa dharau.

Siku moja Janice, aliyefanya kazi naye saluni, alikuja Murera kumsalimia. Ni yeye pekee aliyekuwa akija. Akasema Gachau anaoa. Jumamosi watu wake wanakwenda Ruiru kwa kina Bridget, msichana wa duka la viatu, kujitambulisha rasmi.

"Na huyo dada, uso wake unang'aa ajabu," Janice alisema. "Kama sahani ya udongo." Kisha akakumbuka uso wa Mwelu ulivyokuwa laini mwanzoni, akainuka kutafuta mkoba wake.

Jumamosi mchana Mwelu aliingia katika boma la kina Bridget bila kitambaa usoni. Hema lilikuwa limejaa wageni, na Gachau alikuwa amesimama na maikrofoni akiwaeleza wakwe zake kuhusu kiwanda atakachojenga, na jinsi nchi hii isivyojua kuwathamini watu wa vipaji. Watu wakaanza kugeuka. Mwanamke mmoja alimwita Mungu kwa lugha ya kwao, "Ngai!", na kumfunika mtoto wake macho.

"Unamtafuta nani?" aliuliza Njau, kaka yake Bridget.

"Huyo mwenye maikrofoni. Hii ni kazi yake," Mwelu alijibu, akijishika kidevu na kugeuza shavu huku na huku ili kila mtu aone.

Gachau alikauka. "Mimi simjui huyu," alisema. "Ana shida ya akili. Hebu mtoeni."

Mwelu alitoa kwenye mkoba kikopo cha krimu, akakiweka mezani mbele ya Bridget. Bridget hakuuliza ni nini. Alikuwa na kingine kama hicho chumbani.

"Sikuja kuharibu sherehe," Mwelu alisema. "Kama ni nzuri, ajipake. Shavu moja tu, hapa mbele ya wazee. Akijipaka, mimi naenda zangu."

Hema lote likamtazama Gachau. Angeweza kujipaka. Kidole kimoja cha krimu kisingemuua, na pengine angeokoa ndoa yake. Lakini aliusogeza mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa sukari, na akasema lile jambo ambalo Ruiru bado wanalirudia: "Mimi si wa kufanyiwa majaribio, bana."

Bridget aliinuka. Alitembea na nguo yake yote ya sherehe hadi kwenye bomba la uani, akaomba sabuni, akaanza kuosha uso. Aliosha kwa muda mrefu sana, na hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha.

Njau hakumpiga Gachau, ingawa wengi wangemwelewa. Jumatatu alimtia kwenye gari akampeleka Thika kwa yule daktari, Mwelu na Bridget wakiwa kiti cha nyuma. Huko Gachau alitaja kila alichopika, zebaki ikiwa ya kwanza, na kadiri alivyotaja ndivyo alivyozidi kuinua shingo, akieleza kama mwalimu aliye mbele ya darasa.

"Na uliijaribu kwa nani kabla ya kuuza?" daktari aliuliza.

Gachau alimwelekezea Mwelu kidevu. "Kwa huyu."

Hata wakati huo hakulitaja jina lake. Mwelu alimtazama akashangaa kwamba aliwahi kumwamini mtu mdogo hivi.

Uso wa Bridget ulipona. Wa Mwelu ulipona nusu. Uvimbe wa jicho ulishuka, mabaka yalibaki. Alifungua saluni yake mwenyewe kule Murera, chumba kimoja cha mabati, na wateja waliokuja kwanza kwa udaku walirudi kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi.

Wakonyo alikuja siku moja. Alikaa kwenye kiti akavua kilemba, na Mwelu akamwosha nywele taratibu, maana mama wa watu hakuwa na kosa.

"Amerudi kwangu," Wakonyo alisema huku amefumba macho. "Anajifungia kule nyuma. Haongei na mtu, hali chakula vizuri. Ungemwona, ungemhurumia. Uende umwambie hata neno moja, mwanangu. Yuko peke yake."

"Anapika tena?"

"Gesi ya kule nyuma inaisha upesi," Wakonyo alisema.

"Mama, inamisha kichwa kidogo," Mwelu alisema, "maji yasikuingie masikioni."